Namna ya Kuwa Tajiri wa Parachichi Njombe Bila Kutoka Sinza

Kwanza kabisa, usiende Njombe. Ukienda utaona, ukiona utauliza, na ukiuliza kuna hatari ya kujibiwa. Tajiri wa parachichi wa siku hizi huanzia kwenye kochi, Jumapili alasiri, pilau imeshashuka, simu mkononi, ndani ya kundi la WhatsApp lenye neno "dhahabu" kwenye jina lake. Humo utakuta picha ya tunda moja kwenye rafu ya duka la Ulaya na bei yake kwa euro. Usiulize limefikaje pale. Chukua ile bei, igeuze kuwa shilingi, nenda nayo chumbani ukalale nayo.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye ajira, mwenye mkopo wa benki unaokaribia kutoka, na mwenye historia. Ulifuga kware mpaka mayai yakakosa wa kupewa. Ulilima matikiti Ruvu, mto ukaja kuyachukua kabla ya lori. Ulinunua ekari za paini Mufindi, na habari zake za mwisho ulizipata moto ulipopita. Hukukata tamaa, na hicho ndicho kigezo pekee tunachokitaka hapa.

Usisumbuliwe pia na ukweli kwamba tunda lenyewe si tamu. Dar tunalisaga na pasheni, tunalitia sukari, tunalinywa kwa mrija na kulisifu. Njombe kwenyewe, kabla ya kelele hizi, maparachichi ya kienyeji yalikuwa yakianguka nyuma ya nyumba, watoto wakala, nguruwe wakamalizia. Nguruwe hao hawakujua wanakula nini. Wewe unajua.

Kikokotoo

Kikokotoo tunachokisema si kile cha mafao ya wastaafu, ingawa vyote viwili humfikisha mtu mahali pamoja. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ambayo mti uliokomaa unaihitaji ili jua lifike matawi ya chini, inaingia miche 82. Themanini na mbili ni idadi ya watu wasio na ndoto. Panda mita 5 kwa 5 upate 161. Kwenye karatasi miti haigombanii jua. Zidisha kwa matunda 1,000 kila mti, kwa kuwa kundini yupo aliyewahi kuonyeshwa mti wa namna hiyo. Zidisha kwa bei iliyolipwa wiki moja, mwanzoni mwa msimu mmoja, na mnunuzi aliyekuwa na kontena linalosubiri kujaa. Zidisha kwa ekari 10. Sifuri zikizidi upana wa kioo cha simu, acha. Umefika.

Usitoe gharama. Na miaka usiihesabu. Mche wa kubebesha huanza kuonyesha matunda kama mwaka wa tatu, lakini mavuno ya kueleweka huchelewa zaidi, na hata hapo Hass, aina ya parachichi unayoipanda, ana kawaida ya kuzaa sana mwaka huu na kujipumzisha mwaka ujao. Benki yako haina kawaida hiyo. Makato yanaanza mwezi ujao.

Kama nyumbani una mtoto anayesoma baiolojia, mpeleke kwa bibi yake wiki hiyo, maana anaweza kuanza kukueleza habari za ua. Mparachichi mkubwa unaweza kutoa maua hata milioni moja, na yanayogeuka matunda hayafiki moja katika kila mia. Kila ua lina uke na ume, ila halivitumii kwa wakati mmoja. La Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, mchana likajifunga, kesho yake alasiri likafunguka tena likiwa dume, kisha ndiyo basi. La Fuerte, aina nyingine ya parachichi, hufanya kinyume: jike alasiri, dume kesho yake asubuhi. Ndiyo maana wenye mashamba yanayolipa huchomeka Fuerte hapa na pale katikati ya Hass, wakatundika na mizinga ya nyuki. Baridi ikizidi ratiba yote hiyo huvurugika, na nyuki wa Njombe saa mbili asubuhi ya Julai naye hana haraka ya kutoka mzingani. Wewe panda Hass watupu, mizinga usiweke, mambo ya ndoa uyaache kwa Mungu.

Ardhi

Makambako ndipo barabara ya Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Kwa hiyo ni mji wa watu wanaosubiri: wengine basi, wengine lori la viazi, wengine treni, na dalali anakusubiri wewe. Ukimpigia ukasema "niko Dar," bei ya ekari itapanda kabla hujamaliza sentensi. Ukisema utakuja na gari lako, itapanda tena. Ukisema una haraka, atakuita "bosi wangu" na kuanzia hapo hakuna tena bei, kuna undugu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla ardhi haijagawiwa kwa mtu. Mkutano mkuu hufanyika chini ya mti, huanza saa nne kwa tangazo na saa saba kwa kweli, na kila mzee ana la kusema kuhusu mpaka wa shamba la marehemu baba yake. Wewe una kikao cha bajeti. Malizana na dalali stendi, kwenye meza ya supu, kwa karatasi ya daftari yenye mistari na mashahidi wawili ambao mmoja ni mwenye supu. Mwenye shamba halisi atajitokeza baadaye akitokea Songea, na atakuwa mtu mstaarabu sana, mwenye hati ya kimila ndani ya bahasha ya kaki.

Kuhusu mahali penyewe, chagua bondeni. Watu wa huku wana vinyungu, bustani za mabondeni wanazozilima kiangazi kwa unyevu unaobaki ardhini, na dalali atakutumia picha ya kinyungu mwezi wa Septemba: udongo mweusi, majani mabichi, kijito kwa nyuma. Picha nzuri kuliko ya mteremko mwekundu wenye kichuguu. Jambo asilokutumia ni kwamba mizizi ya parachichi inayofyonza chakula iko juujuu tu na haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingi inavyo. Ikisimama ndani ya maji, kimelea kiitwacho Phytophthora huiozesha, na mti hukauka kuanzia kileleni huku miguu yake imelowa. Usiku wa Juni na Julai hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, hushuka kutoka vilimani na kutuama hapo hapo bondeni. Asubuhi majani machanga yameungua na hakuna aliyewasha moto. Wenyeji wanajua, kwa hiyo hupanda parachichi mteremkoni na bondeni hupanda viazi. Ndiyo maana bondeni ndiko kulikokuwa kunauzwa.

Unaweza kusema basi nitafute Makambako, ni chini kidogo kuliko Njombe mjini ambako ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi yake ina huruma. Sawa. Ila Makambako kuna upepo, upepo wa kweli, mpaka wamekuja wawekezaji kuupima kwa ajili ya umeme. Upepo huo hulisugua tunda kwenye tawi mpaka lipate kovu, na mnunuzi wa Ulaya halitaki tunda lenye kovu, japo ganda lenyewe halitaliwa na mtu. Wenye akili hupanda kwanza mistari ya miti ya kukinga upepo, wakasubiri ikue. Sisi hatuna muda huo, tuendelee.

Miche

Hass wote duniani wametoka kwenye mti mmoja. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua wa posta huko California. Miaka ya 1920 alipanda mbegu, akajaribu kuubebesha mche mmoja aina nyingine iliyokuwa na soko, ukakataa, akajaribu tena, ukakataa. Alitaka kuukata akashauriwa auache. Ulipozaa, watoto wake wakayapenda matunda yake kuliko yale ya aina iliyokuwa na jina. Mwaka 1935 akaukatia hataza. Wakulima wakanunua kwake mche mmoja mmoja, wakakata vikonyo vyake na kubebesha mashamba mazima bila kumpa senti nyingine. Bwana Hass akaendelea kupeleka barua hadi kustaafu, akafariki mwaka 1952. Mti wake wa kwanza ulikufa mwaka 2002, kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, ule ule uliokwisha kuununua bondeni.

Hadithi hii usiipeleke kundini.

Miche iliyokaguliwa ipo. Kuna vitalu vilivyosajiliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ambavyo mwenye navyo anaweza kukuambia kikonyo kilikatwa kwenye mti upi na lini. Majibu hayo yamo ndani ya bei, kwa hiyo nunua kwa kijana aliyeipanga miche yake kando ya lami, ile inayouzwa kwa bei ya soda mbili. Yote ni Hass. Ukimuuliza kama ana Fuerte, atasema hata hii ni Fuerte.

Mche wa kubebesha ni watu wawili ndani ya kiriba kimoja. Chini kuna shina la kienyeji, lililozoea udongo huu. Juu kuna kikonyo cha Hass chembamba kama kalamu, kimechongwa kikachomekwa na kufungwa kwa ukanda wa nailoni. Pale kwenye kiungo ndipo biashara yako yote ilipo. Ukanda usipofunguliwa kwa wakati wake shina likinenepa linakabwa koo. Kiungo kikifukiwa kwenye udongo kinaoza. Lililo baya zaidi ni kwamba shina la kienyeji halijakubali kushindwa: kila likipata nafasi hutoa machipukizi yake chini ya kiungo, na yasipokatwa huupita ule mkono wa Hass kwa nguvu na kwa kimo. Baada ya mwaka mmoja msimamizi atakupigia picha ya mti mmoja uliostawi kuliko yote, majani mapana, urefu wa mtu. Iweke kwenye hali yako ya WhatsApp. Ofisini watakupongeza. Ni parachichi la kienyeji, safi kabisa, lile la nguruwe.

Msimamizi

Huyu ni mzee wa makamo ya kustaafu, anayeishi kibanda cha mabanzi mwisho wa shamba, na ndiye atakayekuwa macho yako. Mpigie Jumamosi jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bosi. Kamwene."

"Habari za shamba?"

"Nzuri. Baridi tu."

"Miti inaendeleaje?"

"Miti ipo."

"Yote?"

"Ipo, bosi. Ila dawa imeisha."

"Nitume shilingi ngapi?"

"Elfu themanini. Na ya kutolea."

Ukiisikia simu hii mara ya kwanza utaona kama mzee anakuficha jambo. Kweli anakuficha, lakini kwa heshima. Mvua za Njombe hukatika kuelekea Mei, na hazirudi mpaka Novemba au Desemba. Katikati hapo mche mchanga unataka maji. Tuseme ndoo moja ya lita 20 kwa kila mche kwa wiki, basi. Ekari zako 10, kwa ile nafasi yako ya mita 5, zina miche 1,610. Ndoo 1,610 kwa wiki ni ndoo 268 kwa siku, akipumzika Jumapili kwenda kanisani. Kutoka kijitoni. Peke yake. Kwa mshahara ambao wewe unaumaliza Ijumaa moja kwa nyama ya kuchoma na marafiki wawili. Hesabu hii kikokotoo cha kundini hakina mahali pa kuiweka, kwa hiyo mzee ameifanya mwenyewe: anamwagilia ile mistari mitatu iliyo karibu na kibanda, ambayo ndiyo unayoiona kwenye picha, na mingine anaiombea.

Atakuwa pia ameotesha viazi kati ya mistari. Usikasirike. Kuchanganya mazao miaka ya mwanzo, miti ikiwa bado midogo, hata mabwana shamba wanakushauri, ingawa maharage yangefaa zaidi, maana kila akivuna viazi jembe linapita kwenye ile mizizi ya juujuu. Mbolea uliyotuma kwa ajili ya miche imefanya kazi nzuri sana kwenye viazi. Vimepakiwa kwa lumbesa, vimeshushwa Ilala, na kuna uwezekano mkubwa kwamba umevila chipsi.

Jirani wa kumwepuka ni yule mama wa ng'ambo ya kijito. Ana miti arobaini hivi, mteremkoni, nyuma ya nyumba. Kila mti una duara la majani makavu miguuni kushika unyevu, limeachwa nafasi kidogo lisiguse shina. Anafuga nguruwe, anapata samadi. Mizinga yake imening'inia kwenye miwati iliyo mpakani. Kila semina ya bwana shamba yupo, mbele, na daftari. Anajua mti upi ulizaa vizuri mwaka juzi, na asubuhi akipita na kikombe cha chai hukwanyua chipukizi la chini kwa vidole bila hata kusimama. Huyu mama anapata hela ya parachichi. Ukizungumza naye dakika kumi utaanza kuelewa kwamba hela ile ni ujira wa kupita pale kila asubuhi, na ukishaelewa hivyo mwongozo huu hautakufaa tena. Akikupungia mkono, mpungie, ingia ndani ya gari.

Ukaguzi

Mara moja kwa mwaka, Krismasi. Vaa viatu vyeupe. Mvua zimeanza, udongo wa Njombe ni mwekundu na hushika, na bodaboda atakayekutoa kwenye tope atakutambulisha kwa wenzake. Mianzi imeanza kugemwa, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji atakukaribisha ulanzi. Kunywa ule wa asubuhi, mtamu. Ule wa jana yake una uwezo wa kukuuzia ekari nyingine tano.

Shambani, piga picha ukiwa umeshika tawi. Usihesabu.

Soko

Mwaka wa nne yatatokea matunda. Si mengi, lakini yapo. Hapo lifanye jambo moja haraka: vuna kabla hayajakomaa.

Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, linaiva likishachumwa, na Hass aliyekomaa anaweza kuning'inia wiki nyingi akikusubiri. Hiyo ni neema ambayo maembe na mapapai hayana, na ndiyo inayotuponza. Kwa nje, tunda changa na lililokomaa yote ni ya kijani, yote ni magumu. Wanaofanya biashara ya kweli hukata vipande vya nyama ya tunda, wanapima gramu 100, wanavikausha mpaka maji yaishe, wanapima tena: zikibaki kama gramu 23 au zaidi, mkasi unaingia shambani. Mkasi, si mkono, na kikonyo kifupi kinaachwa juu ya tunda, kwa sababu tunda lililong'olewa kikonyo lina mlango wazi wa kuingia ukungu. Halidondoshwi. Halikai juani. Linaingia kreti taratibu, na kreti inakaa kivulini mpaka gari lije.

Wewe utampata mnunuzi wa pikipiki, anayekuja wiki kadhaa kabla ya wengine, ana hela taslimu na magunia. Atatikisa mti. Matunda yako yatasafiri, yatafika mahali, na badala ya kuiva yatasinyaa na kuwa kama raba ya kufutia. Mwenye duka kule atakumbuka nchi yalikotoka, si jina lako, kwa hiyo huna la kuhofia. Atakayekatwa bei msimu ujao ni yule mama wa ng'ambo ya kijito.

Ukiamua kuwa mstaarabu na kusubiri, utakutana na Peru. Peru wanalima Hass jangwani, pwani, kwa maji ya mito inayoshuka kutoka Andes, na katikati ya mwaka hulijaza soko la Ulaya mpaka bei ishuke. Hilo nalo kikokotoo hakikulijua. Wala hakikujua kwamba mwishoni mwa 2023 meli zingeanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na msimu wa 2024 matunda ya Afrika Mashariki yakakaa baharini siku nyingi kuliko ganda lake lilivyopenda. Kwa faraja, soma kundini habari za China: itifaki ya kuingiza parachichi la Tanzania ilisainiwa Novemba 2022, wakati Rais Samia alipokuwa Beijing. Watu zaidi ya bilioni moja, kila mmoja nusu tunda. Rudi kwenye kikokotoo, furahi kidogo.

Kisha mnunuzi mwenye kontena atakuuliza una tani ngapi. Kontena la baridi linabeba zaidi ya tani 20. Wewe una kilo 340, na kati ya hizo zenye makovu ya upepo zinakwenda kiwanda cha mafuta kwa bei ambayo haitaji mtu mbele ya mkewe. Dawa yake ni kujiunga na wenzako kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mkusanye mzigo pamoja. Lakini AMCOS ina vikao, na vikao viko Njombe.

Kutoka

Hakuna aibu katika kuuza. Rudi stendi kwa dalali yule yule, maana anao wateja wapya, na andika tangazo kwa uangalifu: "Shamba la parachichi ekari 10, Hass, miti tayari, maji ya kudumu, limepakana na kijito, mmiliki anauza kwa dharura ya kifamilia." Kila neno ni kweli, hasa maji ya kudumu. Tumia ile picha ya mti uliostawi kuliko yote.

Watapiga simu wengi kutoka Dodoma na Mwanza, watauliza kama bei inapungua, hawatapiga tena. Atakayekuja na hela mkononi ni mzee wako wa kibandani. Amekuwa akiuza viazi, na msimu wa kwanza aliibebesha kimyakimya miche iliyobaki kwenye viriba, akaipanda kwake, juu mteremkoni. Sasa anataka ekari mbili tu za kwako, zile za juu, na bei atakayokutajia itakuwa nusu ya uliyonunulia. Usibishane naye juu ya idadi ya miti iliyo hai. Yeye ndiye anayeijua.

Mpe namba yako ya simu, mwambie atume leo leo kabla mtandao haujasumbua. Na ya kutolea.